Gauni la Marinda Katika Baridi ya Tokyo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia majira yapishane, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tunalo jambo ambalo huenda likakushangaza kulikuta katika ukurasa huu. Tunaomba usilikimbie kabla ya kufika mwisho, kwani sisi wenyewe tulikaribia kulikimbia.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alitujia mama mmoja wa Tanga baada ya darsa. Mama huyo ni fundi cherehani, na kwa cherehani hiyo amesomesha watoto wanne. Alikuwa ameshika simu, na katika simu hiyo mlikuwa na picha ya binti yake anayesoma chuo kikuu mjini Tokyo, Japani. Binti alisimama chini ya miti iliyopambwa kwa taa. Gauni lake lilikuwa la mahameli ya rangi ya damu ya mzee, limebana kiunoni kisha likafumuka kama mwavuli, lenye marinda na lesi pindoni. Mikononi alivaa glovu, na kichwa chake kilifunikwa vyema kwa mtandio, juu yake pamefungwa utepe mkubwa kama wa mtoto wa miaka sita siku ya Idd.

“Sheikh,” alisema yule mama, “baba yake ameapa hatamtumia tena hata senti. Anasema kama alikwenda kusoma, na asome, na kama alikwenda kucheza vinyago, na arudi. Wana mwezi wa pili hawasemezani. Nami sijui nimtetee vipi, maana sijui hicho alichokivaa ni kitu gani.”

Nasi hatukujua. Ila Mwenyezi Mungu alitaka tuwe na safari ya mkutano wa kielimu mjini humo mwezi wa Januari mwaka 2024. Tukamwahidi kwamba tutakwenda, tutamwona binti, tutamsikiliza, kisha tutamletea habari.

Jina lililowatia hofu wazazi

Chimbuko la ghadhabu ya baba, tuliambiwa baadaye, halikuwa gauni. Lilikuwa jina. Binti aliwaandikia kwamba mavazi hayo huitwa Lolita. Baba akalitafuta neno hilo katika intaneti, akakutana na riwaya ya mwandishi Vladimir Nabokov iliyotoka mwaka 1955, inayosimulia habari za mtu mzima aliyemdhulumu mtoto wa kike. Ni mzazi gani asingetetemeka? Sisi hatumlaumu.

Lakini haki inataka tueleze kwamba jina na kitu chenyewe vimeachana. Mtindo huu wa mavazi ulizaliwa Japani, hasa katika mtaa wa Harajuku mjini Tokyo. Tangu miaka ya 1970 maduka ya hapo yalianza kuuza nguo za marinda na lesi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 jina la Lolita likawa limeshikamana nazo. Mwaka 1988 lilianzishwa duka la Baby, The Stars Shine Bright. Duka lililokuwa likiitwa Pretty tangu mwaka 1979 likachukua jina la Angelic Pretty mwaka 2001. Mnamo mwaka 2004 ilitoka filamu ya Shimotsuma Monogatari, ambayo mmoja wa wahusika wake wakuu ni msichana mvaaji wa mavazi haya, na habari zake zikavuka bahari.

Umbo la nguo limechukuliwa kutoka mavazi ya Ufaransa ya karne ya 18 na mavazi ya watoto wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria. Sketi hufika magotini au chini yake. Mabega hufunikwa, kola hupanda hadi shingoni, na miguu huvikwa soksi ndefu. Wavaaji wake husema waziwazi kwamba hawavai ili wanaume wawatazame, na wengi hukereka mno jina lao linapohusishwa na riwaya ile. Wala si watu wasio na kazi. Mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilimteua Misako Aoki kuwa mmoja wa mabalozi watatu wa kuitangaza mitindo ya vijana wa nchi hiyo, naye ni mvaaji mashuhuri wa Lolita na kwa taaluma ni muuguzi.

Tukajiuliza: ni mara ngapi tumelihukumu jambo kwa jina lake kabla ya kulifungua tuone ndani mna nini?

Baridi ya mji mkubwa

Ijumaa ile tuliswali katika msikiti wa Tokyo Camii, uliopo Yoyogi-Uehara. Msikiti wa kwanza mahali hapo ulifunguliwa mwaka 1938 na Waislamu wa Kitatari waliokimbia misukosuko ya Urusi. Ulipochakaa ukabomolewa mwaka 1986, na huu wa sasa, wenye kuba na mnara wa Kituruki, ukafunguliwa mwaka 2000. Kutoka hapo hadi Harajuku ni vituo viwili tu vya treni ya chini ya ardhi. Baada ya swala tukakutana na binti yetu. Tulikuwa pamoja na ndugu yetu mmoja Mtanzania aishiye huko, na mkewe.

“Shikamoo, Sheikh,” alisema akiwa ameinamisha macho. Alivaa koti refu la kawaida la rangi nyeusi. Tulipomwambia kwamba mama yake anamsalimu, machozi yakamlengalenga. Tulipomwambia kwamba hatukuja kumgombeza bali kumsikiliza, akanyanyua uso.

Akatueleza kwamba majira yake ya kwanza ya baridi yalikaribia kumvunja. Mtu wa Tanga hajui baridi. Mwezi Januari mjini Tokyo joto la mchana hufika nyuzi 10 hivi, na alfajiri hushuka hadi nyuzi 1 au chini ya hapo. Mwanzoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Hewa ni kavu, midomo hupasuka, na watu hutembea wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti meusi na ya kijivu, hakuna amsalimuye mwenzake. “Sheikh, nilikuwa ninatoka darasani giza limeshaingia, ninajifungia chumbani, ninalala. Siku za Jumapili nilikuwa sifungui hata pazia.”

Jumapili moja aliingia katika duka la nguo kuukuu ili atafute koti la bei nafuu. Humo akakuta gauni la marinda lililokatika mshono wa kwapa. Akaligeuza ndani nje, akatazama lilivyoshonwa, akajua kwamba anaweza kulitengeneza, kwani alikua chini ya meza ya cherehani ya mama yake. Alilinunua. Msichana wa Kijapani aliyekuwa karibu akamuuliza, kwa adabu nyingi, kama yeye pia ni mpenzi wa Lolita. Hivyo ndivyo alivyopata rafiki yake wa kwanza katika mji ule.

Tabaka juu ya tabaka

Tulimwomba atufafanulie, na hapo uso wake ukachangamka kama wa mwanafunzi aulizwaye somo alilolisoma vizuri. Alituambia kwamba wavaaji wengi huyapenda majira ya baridi kuliko mengine yote, kwani mwezi wa Agosti joto la Tokyo hupita nyuzi 30 pamoja na fukuto, na kuvaa tabaka tano ni adhabu. Baridi inapoingia ndipo mavazi haya yanapokaa mahali pake.

Chini kabisa huvaliwa fulana nyembamba ya kutunza joto na soksi nzito za kubana zifikazo kiunoni. Hufuata suruali pana ya pamba, fupi, yenye lesi. Juu yake ni gagulo, nalo ndilo siri ya umbo zima. Gagulo hilo ni la neti iliyokunjwa marinda mengi, hulifumua gauni, na hewa inayonaswa humo hutunza joto la miguu. Kisha blauzi ya kola ndefu, kisha gauni la sufi au mahameli, kisha kizibao cha kufuma. Koti lenyewe hukatwa kwa upana kuanzia kiunoni ili lisiyalaze marinda. Yeye huongeza mtandio wa sufi, “na kwa hilo, Sheikh, nina joto kuliko wenzangu wote, maana masikio yao yanaganda.”

Akatutajia na taabu zake. Hewa kavu huzaa umeme wa msuguano, na gagulo la nailoni hunata soksini na kupiga cheche, kwa hiyo hulinyunyizia dawa kabla ya kutoka. Katika treni za asubuhi, watu wanaposongamana, haliwezekani vazi hili, hivyo huvaliwa siku za mapumziko na saa za nafasi. Mvua ya theluji ikinyesha, mara chache kwa mwaka, mahameli hubaki kabatini. Na ndani ya glovu hutiwa vifuko vidogo vya joto, ambavyo Wajapani huvinunua dukani kama sisi tununuavyo viberiti.

Furaha za majira

Tuliingia Harajuku. Jua la baridi lilikuwa limeshainama na mwanga wake ulipita kati ya miti ya barabara ya Omotesando, ambayo mwezi wa Desemba huwashwa taa ndogondogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo picha ile ilipopigwa. Tulipita jengo la Laforet, lililofunguliwa mwaka 1978, ambalo wapenzi wa mitindo hii hulijua kama mvuvi ajuavyo bandari yake. Wasichana wawili walitupita, mmoja amevaa maua na rangi za pipi, mwenzake mweusi tupu kuanzia kofia hadi viatu. Binti akatueleza kwamba mtindo wa kwanza huitwa mtamu, wa pili wa kigothi, na upo wa tatu uliotulia, wa rangi za kahawia na kijani kibichi. Huo wa tatu ndio anaoupenda yeye.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kama ile ya Juni, wapenzi wa Lolita katika nchi nyingi huifanya kuwa siku yao, wakakutana kunywa chai. Katika makundi yao wamo pia Waislamu. Tangu katikati ya miaka ya 2010 mabinti wa Marekani, Indonesia na Malaysia wamejulikana kwa kulioanisha vazi hili na hijabu, na kwa picha zao ndipo binti yetu alipojua namna ya kufunga utepe juu ya mtandio. Yeye na wenzake sita hukutana katika mgahawa wenye joto, vioo vimefunikwa na mvuke, wakala keki za stroberi, kwani huko stroberi ni tunda la majira ya baridi. Wenzake wamezoea kumuulizia mhudumu kabla yake kama keki ina pombe au mafuta ya nguruwe. “Siku hizi wanauliza wao, Sheikh. Mimi ninakaa tu.” Na ikifika magharibi, mmoja wao humshikia mkoba akaenda kutafuta pembe ya kuswalia.

Kisha huja mwaka mpya, na maduka huuza mifuko iliyofungwa, ambayo Wajapani huiita ya bahati. Hulipwa bei moja ya chini, na mnunuzi hufungua nyumbani akaona alichopata. Watu hupanga foleni asubuhi na mapema katika baridi hiyo. Hapa binti alituuliza swali la kifiqhi ambalo lilitufurahisha: je, yafaa? Tukamjibu kwamba kununua usichokijua ni katika biashara ya gharari iliyokatazwa. Lakini kama duka limekionyesha kilichomo, jambo ambalo maduka mengi hufanya siku hizi, basi ni mauzo kama mauzo mengine. Akacheka, akasema mwaka huu alisimama foleni na wenzake kwa ajili ya mazungumzo tu.

Jumatatu ya pili ya Januari ni siku ya vijana kuingia utu uzima, na mabinti hutoka na kimono za mikono mirefu. Siku hiyo, alisema, yeye na rafiki zake wakipita na magauni yao hakuna anayegeuka kuwatazama, kwani mji wote umevaa.

Mizani yetu

Ndugu msomaji, wajibu wetu si kusifu tu. Tuliketi na binti, mbele ya mke wa mwenyeji wetu, tukayapima mambo.

Kuipenda nguo nzuri si dhambi. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo na viatu vyake viwe vizuri, alibainisha kwamba hicho sicho kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Vazi pana lisiloonyesha umbo la miguu, lenye kufunika shingo na mikono, lina karibu na sitara kuliko suruali nyingi za kubana ambazo wazazi wetu hawazisemi kitu. Palipobaki ni urefu, nalo gauni lake mwenyewe amelirefusha hadi kwenye vifundo vya miguu.

Lakini yapo mawili tuliyomhadharisha nayo. La kwanza ni israfu. Gauni moja jipya la maduka haya makubwa hufika yen 30,000 na zaidi, nayo si fedha ya mwanafunzi. Wapo waliokopa kwa ajili ya utepe. Alitufungulia daftari lake la matumizi. Magauni yake ni matatu, mawili ya mkono wa pili na moja la kushona mwenyewe, na hakuna hata senti ya ada ya chuo iliyoguswa. Anapata kijifedha kwa kuwatengenezea wenzake mishono iliyokatika.

La pili ni vazi la kutafuta umashuhuri, ambalo maulamaa wetu wamelikemea. Kipimo chake kinafuata ada ya mahali na nia ya mvaaji. Kilicho cha kawaida Harajuku Jumapili chaweza kuwa kichekesho na kivutio cha macho kwingineko. Tulimwambia: nia yako Mwenyezi Mungu anaijua, nasi hatuioni. Ukilivaa kwa kuwa lakupa uchangamfu pamoja na wanawake wenzako, hilo ni jambo moja. Ukilivaa ili wageni wakupige picha, hilo ni jambo jingine. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba ile picha aliyowatumia wazazi hakuiweka mahali pengine popote. “Nilitaka mama aone kwamba sisikii baridi tena.”

Hapo, ndugu zetu, ulimi wetu ulikuwa mzito. Huko Tanga picha ile ilisomeka kuwa ni uasi. Kumbe ilikuwa ni salamu.

Blauzi kutoka mbali

Tuliporejea nyumbani tulimpelekea mama bahasha iliyokuwa na blauzi nyeupe ya pamba yenye kola ndefu, aliyoishona binti kwa kipimo cha mama yake alichokihifadhi kichwani. Mama hakuitazama mbele. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akavuta uzi kuona kama utaachia. Haukuachia.

“Huu mkono ni wangu,” alisema. “Hivi ndivyo nilivyokuwa ninawashonea gauni za Idd. Marinda, lesi, utepe kichwani. Yeye alikuwa analia nikimvua.”

Hatutasema kwamba mambo yote yamekwisha. Baba bado hajalikubali jina lile, na sisi hatukumshurutisha. Tulimwomba jambo moja tu, ampigie mwanawe simu, amuulize habari za masomo na habari za baridi, kabla ya kumuuliza habari za nguo. Alipiga usiku ule ule baada ya Isha. Tuliondoka mapema ili tuwaachie nafasi, lakini tukiwa mlangoni tulimsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua aanzie wapi, kama chumba chake kina kipasha joto.

Wazazi wenzetu, watoto wetu wametawanyika katika miji ya baridi: London, Toronto, Tokyo na kwingineko. Wakitutumia picha, tusiwahi kuhukumu nguo tukasahau kuutazama uso. Tuulize kwanza. Likiwapo la kukosoa, tulikosoe kwa ulimi ule tuliotumia kuwafunza kutamka bismillahi.

Nanyi vijana mlio mbali, fahamuni kwamba mzazi hawezi kuelewa asichoelezwa. Maneno matatu yaliyoambatana na picha yangeliokoa miezi miwili ya kimya.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu joto la miili na la imani, azilainishe nyoyo za wazazi, na atujaalie vazi la uchamungu, ambalo ndilo bora kuliko mavazi yote. Amin.

Wallahu a’lam.